Nimejaribu raketi nne za tenisi mpaka nimepata yangu (na kiwiko kimenyamaza)

Nianze na jibu kabisa ili asiye na muda aondoke zake: baada ya kuhangaika karibu mwaka mzima nimeishia na Head Speed MP, imefungwa nyuzi laini kwa mkazo wa paundi 50, gripu (unene wa mpini) namba 3, na kiwiko kilichokuwa kinaniuma kimenyamaza. Ila ukikimbilia kuinunua sababu tu mi nimeisifia utakuwa umerudia kosa langu mwenyewe, tena nililifanya mara mbili, kwahiyo ukiweza vumilia usome na yaliyobaki.

Kosa la kwanza nilinunua kwa macho. Kuna bingwa nampenda sana, nikaona raketi inayofanana na yake, nyeusi, nzuri, nikasema hii hii. Jina silitaji sababu raketi haina kosa lolote, kosa lilikuwa kwa mnunuzi. Kichwa inchi 97 za mraba, gramu 340 kabla ya nyuzi, ukiongeza nyuzi na kile kitambaa cha juu ya gripu unakimbilia 360. Jamani, dakika ishirini za kwanza ni raha isiyosemeka, mpira unatoka mzito, raketi haitikisiki hata mtu akikupigia kombora. Afu inafika geimu ya sita hivi mkono unaanza kuchelewa, mpira ushapita ndo raketi inafika, bekihendi (mipigo ya upande wa nyuma ya mkono) zote zinaenda pembeni, sevu, yaani mpigo wa kuanzisha, inadondokea kwenye wavu. Seti ya pili nilikuwa nabeba mzigo tu.

Na kitu ambacho nimekuja kukijua baadaye, zile raketi za wachezaji wakubwa unazoziona kwenye tv mara nyingi siyo hizi za dukani. Rangi ni ya toleo jipya, ndani ni fremu nyingine kabisa, pengine ya zamani aliyoizoea tangu yuko kijana, imeongezwa madini ya risasi huku na huku mpaka ikae anavyotaka yeye. Kwahiyo hata ukitaka kumuiga huna unachomuiga zaidi ya rangi.

Hapo hapo niongeze, hata hao wakubwa wanakubali kubadilika. Bingwa Roger Federer alicheza miaka mingi na kichwa cha inchi 90, kidogo kweli kweli, akang'ang'ania mpaka mwaka 2014 ndo akahamia rasmi 97. Mwaka 2017 akachukua Australian Open akiwa na miaka 35 huku bekihendi yake inapiga kuliko zamani. Sasa kama Federer mwenyewe aliona aongezewe nafasi ya kukosea, mi na we ni akina nani?

Kosa la pili ndo liliniumiza. Nikajisemea basi nzito imenishinda, nichukue nyepesi. Nikaenda upande wa pili kabisa, gramu 270 na kitu, fremu nene, ngumu kama mti mkavu, uzito wote umelalia kichwani. Aliyenifungia nyuzi hakuniuliza hata swali moja, akafunga poli (nyuzi za poliesta) ngumu kwa paundi 57 sababu ndo alikuwa nayo kwenye mashine. Mpira ulikuwa unaruka vizuri tu sikatai, unapiga kidogo unaenda mbali. Wiki ya tatu nikaanza kusikia kitu upande wa nje wa kiwiko, nikapuuza, mwezi wa pili nikawa siwezi kufungua mfuniko wa chupa bila kukunja uso. Nikakaa nje wiki saba.

Hizo wiki saba ndo zilinifundisha, sababu sikuwa na la kufanya zaidi ya kusoma vipimo na kuangalia video zangu mwenyewe. Hili la video naomba lifanye kila mtu kabla hajatoa hela. Mi kichwani mwangu nilikuwa najiona napiga fohendi (mpigo wa upande wa kiganja) ya topspini, yaani mpira unazunguka kwenda mbele, mkono unapita juu ya bega, yule bingwa Nadal mtupu. Video ikaniumbua. Mkono unaishia kifuani, swingi fupi, mpira unaenda bapa, bekihendi nusu yake ni slaisi, mipira ya kukata. Nikachukua karatasi nikahesabu seti moja nzima ya wawili kwa wawili (mi ndo nacheza sana hivyo, mara mbili kwa wiki): mipira mingi niliyogusa ilikuwa kurudisha sevu na voli (kupiga mpira kabla haujadunda), zile fohendi kubwa za nyuma ya uwanja ambazo ndo nilikuwa nazinunulia raketi zilikuwa chache sana, zinahesabika kwa vidole. Yaani nilikuwa nanunua raketi ya mchezo ambao siuchezi.

Sasa vipimo. Mtu akikuambia havina maana anakudanganya, akikuambia ndo kila kitu anakudanganya vile vile, vinakusaidia kupunguza orodha basi.

Kichwa kwanza. Kichwa kikubwa kinasamehe, na sababu siyo tu eneo la kugongea kuwa kubwa, ni kwamba kikiwa kipana raketi haigeuki mkononi mpira ukigonga pembeni. Hii ilianzia kwa Howard Head, yule yule ambaye jina lake liko kwenye raketi za Head, alikuwa injinia wa mambo ya ndege, akatengeneza vyombo vya kuteleza kwenye theluji, alipokuja kuanza tenisi ukubwani akawa anakasirishwa na raketi inavyomgeukia mkononi, akaitanua. Mwaka 1976 kampuni ya Prince ikatoa ile raketi yake ya inchi 110, watu wakacheka eti hiyo ni ya wazee. Mwaka 1978 msichana wa miaka 16, Pam Shriver, akaingia nayo fainali ya US Open, kicheko kikaisha. Siku hizi wengi wanacheza kati ya 98 na 100, na ukiona 105 au 110 usione aibu, kama unachelewa mpira au umri umesogea hizo ndo zenu.

Uzito watu wanausoma vibaya. Wanadhani nyepesi ndo rafiki wa mkono. Hapana bana. Raketi nyepesi ikikutana na mpira mzito inayosukumwa ni raketi, na nyuma ya raketi kuna kiwiko chako. Nzito inapokea yenyewe. Tatizo la nzito ni kuizungusha. Kwahiyo unatafuta ile nzito kabisa ambayo bado unaweza kuizungusha ukiwa UMECHOKA, siyo ukiwa dukani umevaa shati la kazini unazungusha hewa. Kwa mtu mzima wa kawaida anaecheza kila wiki gramu 285 mpaka 305 kabla ya nyuzi ndo eneo la kuanzia, chini ya hapo ni kwa anaeanza au ambaye nguvu ni kidogo, na watoto wana za kwao fupi kabisa, usimpe mtoto raketi yako ya zamani eti atakua nayo.

Afu kuna ule uzito umelalia wapi. Raketi ya kawaida ina urefu wa sentimita 68.5, kati yake ni kama 34. Ilaze juu ya kidole uone inasimamia wapi. Ikisimama karibu na mpini, kama 32 hivi toka mwisho wa mpini, maana yake uzito umelalia mkononi, inageuka upesi kwenye wavu, ikisimamia juu ya kati basi kichwa ndo kizito. Raketi mbili zote za gramu 300 zinaweza zikawa vitu viwili tofauti kabisa sababu ya hili tu. Kuna namba inaitwa swingiweti inayopima ugumu wa kuizungusha, nyingi zikishafungwa nyuzi ziko 300 mpaka 330, ukiipata isome kabla ya gramu.

Ugumu wa fremu wanaupima kwa namba ya RA. Chini ya 60 ni laini, 70 ni chuma. Mpira unakaa kwenye nyuzi kama milisekunde 5 tu, fremu laini inapinda kidogo na mpira unakuwa umeshaondoka kabla fremu haijanyooka, kwahiyo nguvu kidogo inapotea humo, fremu ngumu haipindi, nguvu inabaki kwenye mpira na ule mshtuko nao unabaki, unatafuta pa kwenda. Ulienda kwenye kiwiko changu.

Mpangilio wa nyuzi nisikuchoshe. 16 kwa 19 (nyuzi za wima kwa za mlalo) matundu makubwa, mpira unashikwa na kuzunguka zaidi na unapaa kirahisi. 18 kwa 20 matundu madogo, mpira unatoka chini na unajua unaenda wapi, ila nguvu uje nayo mwenyewe.

Haya raketi zenyewe. Niliazima nne, kila moja nikakaa nayo wiki. Na kitu kimoja nilikuwa mkali nacho, zile raketi za kujaribia huwa zina nyuzi zilizokufa zamani, nikagharamia zote zifungwe nyuzi za aina moja kwa mkazo mmoja, watu waliniona chizi ila vinginevyo ningekuwa nalinganisha nyuzi nikidhani nalinganisha raketi. Sheria yangu ya pili, maoni ya siku ya kwanza hayahesabiki. Naandika kwenye simu jinsi nilivyojisikia mwishoni mwa seti ya pili, jasho linatoka, miguu imeisha.

Wilson Blade 98, gramu 305, 16 kwa 19. Jamani hii nilitamani niioe. Fremu nyembamba ya milimita 21, ukigonga katikati unasikia mpira kama umeushika kwa kiganja, slaisi inakata chini kabisa haipaishi. Siku ya kwanza nilishaanza kuulizia bei. Afu nikasoma kwenye simu nilichoandika mwisho wa seti ya pili siku zote mbili: "mipira mifupi". Nikichoka naacha kuzungusha, na hii inataka uzungushe, ukiwa mvivu mpira unaishia katikati ya uwanja mpinzani anakumalizia. Kama una swingi ndefu na miguu ya kijana wala usisome mbele, chukua hii.

Yonex Ezone 100, gramu 300. Ile yenye kichwa cha umbo kama la mraba, Yonex wanazitengeneza hivyo zao zote na siyo urembo, sehemu ile ya kati ambayo ukigonga mkono hausikii kitu inapanuka kuelekea juu. Bingwa Naomi Osaka anatumia Ezone ya kichwa 98. Sevu zangu zote bora za mwaka huu nimezipiga na hii, sitanii, mpira unaenda tu. Kwa mtu anaesevu na kupiga mpira bapa toka nyuma hii ni namba moja. Mi ikanishinda kwenye wavu, voli ambazo nataka zife pale pale mbele zilikuwa zinatoka na spidi, nilihitaji mkono mtulivu kuliko nilionao. Wenzangu niliocheza nao walisema labda ningeizoea, inawezekana, ila mi sikuwa na mwaka mwingine wa kuzoea.

Wilson Clash 100, gramu 295, ilitoka 2019 na sifa yake ni moja tu kubwa, inapinda. Laini kuliko zote nne. Kwa mkono mgonjwa ni kama kupumzika, wiki nzima kiwiko hakikusema neno. Hii ningemshauri mtu yeyote anaerudi uwanjani baada ya kuumia aanze nayo. Kilichonifanya niiache ni ladha yangu tu, mi nimezoea kusikia mpira ulipogonga, hapa sikuwa nasikia, nagonga pembeni nagonga katikati naona ni yale yale mpaka nione mpira umetua wapi. Kuna watu ndo wanachopenda hicho.

Head Speed MP sasa. Gramu 300, kichwa 100, 16 kwa 19, fremu ya milimita 23 toka juu mpaka chini. Hii ndo ukoo wa raketi anaoonekana nao Djokovic, na Sinner pia, na yale niliyosema ya rangi na fremu za ndani yakumbuke hapa. Siku ya kwanza niliandika neno moja, "sawa". Haikunipa msisimko. Haina sevu ya Ezone, haina mguso wa Blade, haina ulaini wa Clash. Siku ya pili nikaandika tena "sawa". Siku ya nne tumecheza seti tatu, jua kali, seti ya tatu imeenda mpaka taibreki (geimu ya kuamua seti), nimerudi nyumbani nikafungua simu niandike nikakuta sina cha kuilaumu. Narudisha sevu na mpira unafika ndani, voli inakaa nilipoiweka, nikichoka nikafupisha swingi bado mpira unavuka mstari wa sevu. Sikuwahi kuifikiria raketi kwa masaa mawili na nusu! Nikaelewa kwamba zile nyingine kila moja ilikuwa na kitu kimoja inachokifanya vizuri kuliko mimi ninavyokihitaji.

Kwa anaepiga topspini ya kweli sijakusahau, kwako uliza Babolat Pure Aero, ndo ukoo wa Nadal, fremu yake imechongwa ipite upesi kwenye hewa. Alcaraz anaonekana na ya 98 yenye nyuzi 16 kwa 20. Mi sikuiazima sababu video ilishaniambia.

Nyuzi, na hapa ndo watu wanapotupa hela. Unanunua raketi ya gharama afu unafunga nyuzi yoyote, ni kama kununua viatu vizuri na kuvivalia mawe ndani. Poli imeteka dunia tangu Mbrazili Kuerten alipochukua Roland Garros, yale mashindano makubwa ya Paris, mwaka 1997 na nyuzi za Luxilon, watu wakaona kumbe unaweza kuzungusha kwa nguvu zote mpira bado ukadondoka ndani, na sababu ni kwamba nyuzi hizo zinateleza pembeni afu zinarudi kwa haraka na kuuzungusha mpira. Lakini zinateleza kama umezungusha kwa nguvu! Sisi wa swingi fupi tunabaki na ule ugumu tu. Na poli inakufa kabla haijakatika, mkazo unapotea mapema, mtu anakaa nayo mwaka akijisifu nyuzi zake hazikatiki, kumbe anapiga na waya. Nyuzi laini zilizosokotwa kwa nyuzinyuzi nyingi ndogo, zile za multi, ndo nimeweka. Bora kuliko zote bado ni za utumbo, na ni utumbo wa ng'ombe, siyo wa paka kama watu wanavyoamini, Babolat wamekuwa wakizitengeneza tangu 1875, ila bei yake na jinsi zinavyoharibiwa na unyevu vinataka mtu mwenye moyo. Kuna kanuni ya wazee, unacheza mara ngapi kwa wiki ndo ufunge upya mara hizo hizo kwa mwaka. Mi nacheza mbili nafunga mbili, ningekuwa na poli ningefunga zaidi.

Mkazo ukishuka nguvu inaongezeka, ukipanda unaongoza vizuri zaidi. Wengi wanadhani kinyume. Mi toka 57 nimeshuka 50, ambayo ni kama kilo 22.7.

Na kile kidude cha mpira cha kuweka kwenye nyuzi kinabadilisha mlio tu, mtetemo wa fremu unaokwenda mkononi hakiuzuii. Ninacho, napenda mlio wake, ila usikinunue kama dawa.

Gripu nilikuwa nacheza namba 2 miaka yote sababu ndo ilikuwepo dukani. Pima toka ule mstari wa katikati ya kiganja mpaka ncha ya kidole cha pete, mi nimepata sentimita 11.1, ambayo ni namba 3. Ndogo kuliko saizi yako unaibana sana isizunguke na misuli ya mkono inafanya kazi bila likizo. Ukiwa kati kwa kati chukua ndogo, unaweza kuongeza kitambaa, kuipunguza ni kazi ya fundi.

Kilichobaki ni sevu ya pili, bado haina uzito ninaoutaka, na ukipokea mpira wa mtu anaepiga kweli kweli raketi inatikisika zaidi kidogo kuliko ile yangu ya zamani ya gramu 340. Nimeshanunua mkanda wa risasi, wiki hii nabandika gramu mbili mbili kwenye pande mbili za kichwa, wanaita saa tatu na saa tisa, na uzuri wake hata ukisoma saa kwa Kiswahili au kwa Kizungu unaishia pale pale pembeni. Ikiniletea kiwiko nabandua.